Mikono Mizima

Jopo la madaktari lilisema mikono yangu ni migonjwa ila kazi naiweza, kwa hiyo nirudi kazini Jumatatu. Kilichowafanya waamue hivyo ni neno la shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye alikuwa nyapara wetu, na ambaye alijua kuliko mtu mwingine yeyote kwamba kazi siiwezi tena.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nilikuwa mtumishi wa idara ya maji. Bomba likipasuka chini ya barabara, sisi ndio tunaokuja na lori na kompresa. Tunavunja lami, tunachimba, fundi anaziba, tunafukia, tunaondoka huku wenye magari wakitutukana kwa foleni tuliyowaletea. Mimi nilikuwa mvunja lami. Mashine yake ya upepo tuliiita fahali, maana unaikamata pembe mbili na yenyewe inataka kukutupa. Wenzangu waliniita Tetemeko. Nimemshika fahali tangu ndevu zangu hazijakaa sawa mpaka zimeanza kuwa nyeupe, na kwa muda mrefu wa kazi hiyo hakukuwa hata na glavu.

Ugonjwa ulianza kwa vidole kuwa vyeupe asubuhi za baridi, kama vya maiti. Nikavifanyia mzaha. Baadaye vikawa vinakufa ganzi, mwishowe ganzi ikakataa kutoka. Nikawa nadondosha vikombe. Vifungo vya shati vikanishinda, mke wangu akawa ananifunga yeye kila asubuhi, ananipiga kofi dogo kifuani, ananiambia, "Haya, bwana harusi, nenda." Siku moja niliitoa sufuria motoni kwa mikono mitupu nikaiweka mezani vizuri kabisa, nikabaki nashangaa kwa nini mke wangu amepiga kelele.

Na mikono yenyewe ukiitazama haina kitu. Vidole vipo vyote, kucha zipo, ngozi ipo. Hapo ndipo penye shida.

Wa kwanza kumwambia, ukimtoa mke wangu, alikuwa shemeji. Baba yao alifariki mapema, yeye ndiye aliyemlea mke wangu, na ndiye niliyekwenda kupiga magoti mbele yake nilipotaka kuoa. Kazini nilimwita bosi, nyumbani nilimwita shemeji. Yeye kote aliniita shem, na kote alinitania kwamba dada yake alinikubali kwa huruma tu, kwa sababu nilikuwa nimelowa mvua na dada yake hana moyo wa kumfukuza mtu.

Nilimvuta nyuma ya lori. "Shem, mikono imekwisha. Nataka daktari wa idara aniangalie, niombe kustaafu kwa ugonjwa."

"Imekwisha vipi? Si hiyo hapo naiona."

"Sihisi kitu."

Akachomoa ufunguo wa lori mfukoni, akaukandamiza ncha yake chini ya ukucha wangu huku ananitazama usoni. Nikamtazama na mimi. Akazidisha. Alipoona damu imeanza kujikusanya akauondoa haraka, kama aliyechomwa ni yeye.

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa pili unaingia."

Halafu akanishika bega. "Sikiliza, shem. Kwa daktari usiende sasa hivi. Ukishaandikwa tu, wanakutoa kwenye kikosi, na hiyo barua ya kustaafu utaisubiri mpaka uote mizizi. Utakaa nyumbani unamtazama dada yangu, unamwambia nini? Subiri kwanza. Tutakubeba."

Kubeba ni desturi ya vikosi vyote nilivyowahi kufanya kazi. Mtu ana homa, mtu amefiwa, mtu kaamka na uchovu wa pombe ya jana. Wenzake wanafanya kazi yake, na mkubwa akitokea wanampa kifaa mkononi aonekane anahangaika. Mkubwa akiondoka, anarudi kivulini. Hakuna anayeandika wala anayedai. Mimi mwenyewe nilishawabeba wengi. Kwa hiyo shemeji aliposema tutakubeba, nilisikia kama nimeambiwa na ndugu. Na alikuwa ndugu.

Aliyepewa fahali badala yangu alikuwa kibarua mmoja tuliyemwita Bonge, mtu wa tumbo kubwa na maneno mengi. Kibarua haruhusiwi kushika ile mashine. Ni ya mwajiriwa aliyepimwa na kusajiliwa. Lakini gari la injinia lilikuwa na mkanda unaolia, unausikia likiwa bado kwenye kona. Ukilia tu, Bonge anavua glavu za njano, ananitupia, anakamata sepetu. Mimi nalaza kifua juu ya fahali, naikumbatia kwa mikono kama mtu anayebebwa na mlevi mwenzake, naacha uzito wa mwili ufanye kazi. Kutoka mbali unaona mtu wa glavu za njano anavunja lami. Ukisogea karibu vumbi linakuziba macho.

Injinia alikuwa binti mdogo, mstaarabu, anasalimia kila mtu. Alikuwa anasimama pale na kofia yake ya plastiki. "Pole na kazi, Tetemeko. Wenzako wajifunze kwako."

"Tunajifunza, injinia," Bonge anajibu kutoka shimoni. "Kila siku tunajifunza."

Gari likishaondoka, Bonge ananyoosha mgongo. "Jasho langu, sifa zake. Mzee, ukipandishwa cheo usinisahau, nitakuwa nakubebea hata mkoba."

"Mkoba wenyewe hutauona kwa hilo tumbo," shemeji anamwambia, na sote tunacheka. Na mimi nilikuwa nacheka.

Tulienda hivyo muda mrefu. Mikono ikazidi. Ganzi ikapanda hadi viwikoni, na usiku maumivu yakawa yananitoa kitandani. Mke wangu ndiye aliyesema basi. Alinipeleka hospitali kubwa bila kumuuliza kaka yake. Daktari wa huko alinipima kwa nyaya na mashine, akasema mishipa ya fahamu imekufa kwa mtetemo, kwamba hairudi, na kwamba kama ningekuja mapema nikaacha ile kazi, sehemu ingeokolewa. Aliandika kila kitu. Idara ikapokea, nikaitwa mbele ya jopo.

Shemeji alikuja nyumbani jioni ya kuamkia siku hiyo. Alikaa kwenye kiti changu, kama kawaida yake, akakoroga chai.

"Kaka," mke wangu akamwambia, "kesho watakuuliza wewe."

"Mimi ndiye nyapara, wamuulize nani, mlinzi?"

"Utawaambiaje?"

"Nitawaambia nilichokiona. Kwani kuna kingine?" Akanigeukia. "Shem, wewe lala usingizi. Kesho kutwa unakuwa mzee wa kukaa barazani na kusumbua watoto wa watu."

Nililala usingizi kweli.

Chumba cha jopo kilikuwa ghorofani makao makuu ya idara. Meza ndefu yenye kioo juu, feni inayozunguka bila kuleta upepo. Nyuma ya meza walikaa daktari mwenyekiti, mwanamume mwenye miwani aliyoipandisha kichwani, daktari mwingine ambaye sikusikia sauti yake, na afisa utumishi. Kwenye viti vya ukutani walikaa injinia na shemeji. Shemeji alikuwa amevaa viatu vya kanisani, amevipaka rangi vinang'aa.

Mwenyekiti akaja upande wangu na sindano. "Fumba macho. Nikikuchoma, niambie ni kidole gani."

Nikafumba. Nikasubiri.

"Vipi?" akauliza.

"Hujaanza, daktari."

"Nimeshachoma vitatu."

Akarudi kukaa. Aliongea bila ubaya, kama fundi anayeeleza bei. "Kwamba mikono hii ni migonjwa, hapa hakuna anayebisha. Lakini sisi hatuwastaafishi watu kwa sababu ni wagonjwa. Wagonjwa ni wengi humu idarani. Tunamstaafisha asiyeweza kazi yake. Kazi yako unaiweza?"

"Siiwezi."

"Tangu lini?"

"Inapita miaka mitatu."

Akashusha miwani, akamtazama injinia. Yule binti akasimama. Nilimwona hapendi. "Mimi nimemwona mwezi uliopita, barabara ya sokoni, akivunja lami. Na kabla ya hapo, mara nyingi. Sijui niseme nini zaidi. Ni katika watu wangu wazuri."

Alisema alichokiona. Mpaka leo sina neno naye.

"Nilikuwa nabebwa," nikasema. "Injinia akija napewa mashine, akiondoka naiacha. Anayevunja ni mtu mwingine. Muulizeni nyapara."

Wakamtazama shemeji wote. Naye akatazama viatu vyake.

"Nyapara," mwenyekiti akasema, "kwenye kikosi chako watu wanabebana?"

"Hapana, daktari. Kila mtu na kazi yake."

"Na huyu?"

"Huyu anafanya. Siku hizi amepunguza kasi kidogo, umri. Lakini anafanya."

Nilidhani anavuta pumzi kabla ya kuanza maneno yenyewe. Hakuanza.

Afisa utumishi akauliza, "Hapa naona mna udugu?"

"Ameoa dada yangu," shemeji akajibu, na sasa akainua uso. "Ndiyo maana siwezi kumsemea uongo."

Hilo ndilo lililonimaliza. Angesema tu hapana, ningesema kaogopa. Lakini alimchukua mke wangu akamweka mezani kama shahidi wake. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeridhika kwamba amekutana na mtu mkweli.

Nilimkuta kwenye ngazi. Alikuwa ananisubiri, sijui kwa nini.

"Shem, punguza hasira kwanza."

"Sina hasira. Nataka nijue nimekukosea nini."

"Hujanikosea. Hebu fikiri. Niseme kwamba miaka yote hii namdanganya injinia? Niseme kibarua ndiye anayeshika mashine ya serikali? Na mimi nimebakiza kidogo nistaafu. Wangenitoa kama mbwa."

"Jana ulikunywa chai yangu ukasema utawaambia."

"Jana sikujua injinia atakuwa amekaa pale ananitazama." Akashusha sauti. "Wewe rudi tu. Hakuna kitakachobadilika. Tutaendelea kukubeba."

Nilishuka ngazi nikamwacha pale.

Mke wangu hakuamini. Alinifanya nirudie maneno ya kaka yake mara kwa mara, hasa yale ya mwisho mbele ya jopo, kama mtu anayekagua noti kama ni bandia. Halafu akaingia chumbani akafunga mlango.

Jumatatu nilirudi kazini. Bonge alinipokea karakanani, safari hii bila mzaha. Tulikaa juu ya rundo la mabomba.

"Mzee, nikuulize. Unajua kwa nini alikukataza kwenda kwa daktari ile mara ya kwanza?"

"Alinihurumia."

"Huruma gani, baba. Kipindi kile walikuwa wanapunguza vikosi. Hukusikia? Kikosi kisicho na mvunja lami aliyesajiliwa kinaunganishwa na kingine, na nyapara wake anarudi kushika sepetu kama sisi. Mvunja lami ulikuwa wewe. Ukitoka wewe, unyapara wake umetoka."

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe. Alituita sisi vibarua akasema, Tetemeko asiguswe mpaka mimi nistaafu. Sisi tukajua anampenda shemeji yake. Na anakupenda, sisemi hakupendi. Lakini alijipenda kwanza."

"Na wewe ukakaa nayo muda wote huo."

"Mimi kibarua. Naitwa asubuhi, jioni naweza nisiitwe. Ningesema kwa mdomo gani?"

Ilibidi nizipange upya siku zote zile: mkono begani, kicheko shimoni, chai kwenye kiti changu. Yule daktari wa hospitali kubwa alisema sehemu ingeokolewa. Wakati inaokoleka, mimi nilikuwa nalindwa kama spea ya gari la mtu.

Bonge hakulala vizuri, ndivyo alivyoniambia baadaye. Siku ya tatu alikwenda mwenyewe ofisini kwa injinia akasema yote. Injinia alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza, "Kwa hiyo wewe, ambaye hujasajiliwa, ndiye uliyekuwa unaendesha mashine?" Akajibu ndiyo. Basi. Sheria haikumpa yule binti nafasi ya kugeuka. Kibarua aliyekiri kuendesha mashine hiyo hawezi kuitwa tena. Shemeji alipoulizwa akasema Bonge ana chuki kwa sababu amekuwa akimnyima siku za kazi. Wakamwamini nyapara. Nilichelewa kusikia. Nilipokwenda ofisini kumsemea, injinia aliniambia, "Mzee wangu, mlikuwa mnaniigizia wote. Sasa nimwamini nani?" Nikaondoka.

Baada ya hapo shemeji akaogopa. Hakuna kubebana tena, alitangaza, injinia ameshaamka. Glavu za njano zikabaki kwangu, na fahali akabaki kwangu. Nilimwambia mbele ya kikosi kizima, "Bosi, siwezi kumshika huyu." Akanijibu akiwa ananitazama kifuani, si machoni: "Jopo limesema unaweza."

Nilimshika. Ningefanya nini? Kukataa kazi ni kufukuzwa, na kufukuzwa ni kuondoka mikono mitupu, hata kile kidogo nilichochangia kwenye pensheni kisingekuwa na maana. Nilivua glavu kwa sababu ndani yake nilikuwa siwezi hata kubahatisha kama nimekamata au sijakamata; bila glavu angalau niliiona mikono yangu kwa macho.

Ajali yenyewe haikuwa na kishindo. Tulikuwa tumepumzika. Niliinama kufunga kamba ya buti, ikanishinda, nikajishikiza pembeni kwa mkono wa kulia huku nahangaika na wa kushoto. Nilichojishikiza ni bomba la moshi la kompresa. Kompresa ilikuwa imefanya kazi tangu asubuhi. Nilikaa hivyo muda wa mtu kufunga kamba vibaya, akaifungua, akaifunga tena. Fundi bomba ndiye aliyesema, "Nani anachoma nyama hapa?" Nami nikageuka kutazama kama wengine, kuona ni nani.

Hospitali walijaribu. Kwenye mikono yangu damu ilikuwa inapita kwa shida, kidonda kikakataa kufunga, kikaanza kuoza. Wakaniambia wanakata vidole kabla uozo haujapanda.

Shemeji alikuja wakati wa kuona wagonjwa, na mfuko wa machungwa. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani kwangu. Alipomwona alisimama, akamwahi kabla hajafika.

"Dada, nimekuja kumwona shemeji yangu."

"Yupo. Anaweza kazi yake. Hana shida."

"Usiseme hivyo. Mimi ni kaka yako."

"Ndivyo ulivyowaambia na wale madaktari." Hakupandisha sauti, mgonjwa wa kitanda cha jirani aliendelea kusinzia. "Ulinilea, kaka. Ulininunulia daftari ukavaa wewe suruali yenye viraka. Sijasahau na sitasahau. Lakini mimi nilikupa mume wangu ukae naye kazini nikijua yuko na mtu wangu. Machungwa yako nenda nayo."

Akabaki amesimama kidogo na mfuko wake. Alinitazama juu ya bega la dada yake, akafungua mdomo kuniita shem, nikaona neno lenyewe likikwama. Akaondoka. Hakugeuka nyuma, na mke wangu hakulia mpaka alipomaliza kunikunjia shuka.

Jopo likakaa tena. Chumba kilekile, feni ileile. Safari hii hakuna aliyeniambia nifumbe macho, wala hawakumwita nyapara. Mwenyekiti aliutazama mkono, akaugeuza, akaniuliza kama unauma. Nikamwambia hapana. Akasaini. Nilitoka kabla chai yao haijaletwa. Kumbe kilichokuwa kinakosekana mara ya kwanza ni kitu cha kutazama.

Shemeji alistaafu kwa wakati wake, nyapara, na kila alichostahili. Nasikia walimpigia makofi na kumpa saa ya ukutani, na injinia alitoa hotuba fupi.

Watu wananiambia nishukuru, nimepata nilichoomba. Nilichoomba nimekipata, ni kweli. Kimekula vidole viwili vya mkono wa kulia, na cha tatu ambacho kipo lakini hakikunji. Kimekula ile sehemu ya mikono yote miwili ambayo daktari alisema ingepona kama ningewahi. Nyumba ya idara tuliyokuwa tunaishi tumeirudisha. Bonge, mwenye familia kubwa kuliko yangu, anabeba magunia sokoni kwa siku anazoitwa. Mke wangu alikuwa na kaka mmoja tu.